Kabla hujatuletea kanda ya marehemu babu: kazi ya kuorodhesha sauti za zamani ikoje

Tarehe 27 Oktoba ni siku ya kimataifa ya urithi wa sauti na picha, na kila mwaka ikikaribia watu wanaanza kutuletea sisi wa hifadhi ya sauti makanda na santuri za nyumbani kwao, jambo tunalolishukuru kwa kweli. Ila na malalamiko nayo yanapanda: "niliwaachia kanda tangu mwezi wa tatu, mbona mpaka leo haimo kwenye kompyuta yenu?" Halafu kuna vijana wanaokuja kuomba nafasi ya msaidizi wa kuorodhesha, wengi wao wanadhani kazi ni kuvaa hedifoni na kusikiliza zilipendwa kutwa nzima. Naomba niwaeleze.

Jamani, kuhamisha sauti kwenda kwenye kompyuta ndiyo sehemu nyepesi. Kanda ya futi 1,200 ikizunguka kwa spidi ya inchi 7 na nusu kwa sekunde inamalizika ndani ya dakika 32, basi. Kinachokula siku ni kujua humo ndani mna nini, nani anaongea, wapi, mwaka gani, na kuandika hivyo kwa namna ambayo mtu atakayekuja kutafuta baada ya miaka 40 ataipata.

Chukua mfano huu tunaokutana nao mara kwa mara. Kasha limeandikwa kwa wino uliofifia "Hotuba, Mnazi Mmoja". Unaweka kanda, unasikia taarabu, watu wanapiga vigelegele, harusi kabisa. Zamani kanda zilikuwa adimu, zilikuwa zinafutwa na kurekodiwa tena, kwa hiyo lebo ya nje ni ya mwanzo na sauti ya ndani ni ya baadaye. Ukivumilia mpaka mwisho, taarabu ikishaisha na kimya kikapita, unakuta kipande cha ile hotuba ambacho hakikufikiwa. Msaidizi aliyenakili lebo tu bila kusikiliza amepoteza vyote viwili, taarabu na hotuba, ingawa vipo rafuni hapo hapo. Ndiyo maana hatukimbii.

Majina nayo ni mtihani. Bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na kwenye orodha lazima majina yote manne yaelekezane, la sivyo anayetafuta Msondo hataiona NUTA. Ukikuta kasha limeandikwa "TBC" usiharakishe, kwa sababu kabla ya 1965 TBC ilikuwa Tanganyika Broadcasting Corporation, ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, na TBC ya leo ni nyingine. Kanda ya mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe isiyo na tarehe, mtangazaji akitaja bendi ya Super Volcano unajua si ya kabla ya 1973, maana kabla ya hapo alikuwa Morogoro Jazz. Vitu hivi mzee yeyote aliyekuwa na redio anavijua, kijana havijui, na kompyuta ndiyo kabisa haivijui.

Sasa ombi langu kubwa. Usiipige kanda ya zamani nyumbani "kuijaribu" kwanza. Kanda nyingine gundi yake imelainika kwa joto na unyevu wa pwani, ukiiweka kwenye mashine inalia kama mlango mbovu na unga wa kahawia unabaki kwenye hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma kanda), na ule unga NDIYO sauti yenyewe inaondoka. Ikinuka siki, itenge na zingine, mvuke wake unaziharibu jirani zake. Na tafadhali sana, nasema hili kwa uchungu, acheni kuanika kanda juani au kuziweka kwenye oveni kwa sababu mtu ameona video. Kupasha joto kunafanywa na fundi, kwa kipimo, kwa aina fulani tu ya kanda, na hiyo inayonuka siki ukiipasha umeiua. Kwa kaseti, vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni ili mtoto asirekodi juu yake. Na usibadilishe kasha! Watu wanatuletea kanda kwenye kasha jipya safi, la zamani wametupa, na mwandiko wa babu ndiyo umeenda nalo.

Kuhusu haki. Kuwa na kanda si kuwa na haki ya kilichomo, hili tumelisema mara nyingi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mtunzi ana haki zake, waimbaji wana zao, aliyetengeneza rekodi ana zake. Kwa hiyo unapoleta unajaza fomu mbili: ya kwanza ya kukabidhi kitu chenyewe, ya pili ya ruhusa ya kusikilizwa, na ya pili ina sehemu tatu (watafiti tu, chumbani kwetu tu, au wazi kwa wote), usipoweka alama sisi tunahesabu chumbani kwetu tu. Msaidizi akitoa kanda bila kusaini daftari anasimamishwa siku hiyo hiyo, na msikilizaji akikutwa anarekodi kwa simu kadi yake inafungwa. Si ukali. Kuna nyimbo za unyago humu, kina mama walioziimba hawakuziimba zije kusambaa kwenye magrupu ya simu, na msaidizi asiyejua akiandika "nyimbo za wanawake" bila alama ya masharti amewavunjia heshima.

Sauti nyingi bado tumeziandika "mwanamke, jina halijulikani". Kwa hiyo ukija, njoo na kasha lake la zamani, karatasi yoyote iliyokuwa ndani, na kama kuna mzee au bibi nyumbani anayezikumbuka sauti hizo, mlete naye. Tutampa kiti na hedifoni, na akisema "huyu ni fulani, wa mtaa fulani", msaidizi anaandika hapo hapo pamoja na jina la aliyemtambua na tarehe.