Kutoka Mchoro wa Dirisha hadi Programu Inayofanya Kazi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ukishachora dirisha, programu iko karibu kukamilika.

Faili ambayo Qt Designer, zana ya kuchora madirisha ya programu kwa kuburuta vitu, huihifadhi, ile yenye kiambishi .ui, ni maelezo tu yaliyoandikwa kwa XML, lugha ya kupanga maelezo kwa maandishi. Inaeleza kwamba kuna kitufe, kwamba juu yake pameandikwa "Hifadhi" na kwamba kimekaa chini ya jedwali fulani. Ukiondoa miunganisho (yaani kuhusisha tendo la mtumiaji na msimbo wa kulijibu) michache sahili, kama ule wa kitufe cha kufunga dirisha, hakuna mahali panapoeleza kitu gani kitatokea mtumiaji akibofya. Zana iitwayo uic huyasoma maelezo hayo na kuyageuza kuwa msimbo wa C++, na wanaotumia Python wana pyuic6 au pyside6-uic kwa kazi hiyohiyo. Kinachozalishwa ni fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) iitwayo setupUi, inayounda kila kitu kimoja baada ya kingine kama ambavyo mtu angeandika kwa mkono. Kukagua data, kusoma hifadhidata na kushughulikia makosa ni kazi ambayo bado haijaanza.

Dhana: Msimbo uliozalishwa ni mahali pazuri pa kuongezea msimbo wako.

Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi zaidi, na linasikitisha kwa sababu onyo limeandikwa mwanzoni kabisa mwa faili yenyewe: mabadiliko yote yatapotea faili itakapozalishwa upya. Mtu hufungua faili hiyo, akaandika ndani ya setupUi mistari ya kukagua kama nenosiri ni refu vya kutosha, akaijaribu na kuridhika. Baadaye anarudi kwenye mchoro kuongeza kisanduku kimoja cha maandishi, anaendesha pyuic6, na faili mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani bila kumuuliza neno. Njia salama ni kuunda klasi yako (kifungu cha msimbo kinachoeleza dirisha lako) katika faili nyingine, klasi hiyo iite setupUi, kisha miunganisho na mantiki yote viandikwe humo. Windows Forms, zana ya Microsoft ya kutengeneza madirisha, imefuata utaratibu huohuo kwa kuligawa dirisha moja katika faili mbili: Form1.Designer.cs, yenye fanksheni InitializeComponent, huachiwa zana, na Form1.cs ni ya mwandishi wa programu.

Dhana: Ni lazima mchoro ugeuzwe kuwa msimbo kwanza.

Si lazima. Maktaba za kutengeneza madirisha zina njia nyingine: PyQt na PySide, zinazoleta Qt kwenye Python, zina uic.loadUi na QUiLoader, GTK ina GtkBuilder na JavaFX ina FXMLLoader. Zote husoma faili ya mchoro wakati programu inapoanza. Gharama yake ni kwamba faili hiyo sharti isafiri pamoja na programu, na kihariri cha msimbo hakitaweza kukupendekezea majina ya vitu unapoandika.

Dhana: Dirisha litaonekana kwa mtumiaji kama lilivyo kwenye ubao wa kuchorea.

Litaonekana hivyo kwenye skrini yako, kwa fonti yako na kwa lugha yako, pengine hapo tu. Kitu kilichoburutwa na kuachwa popote huhifadhiwa kwa vipimo vyake, tuseme x ni 120 na y ni 80, na kitabaki hapo hata dirisha likikuzwa mara mbili. Maandishi yakitafsiriwa yakawa marefu, au mtumiaji akiongeza ukubwa wa fonti, maneno hukatwa. Dawa yake ni vipangilio kama QVBoxLayout na QGridLayout, ambavyo hukokotoa nafasi upya kila ukubwa unapobadilika. Wanaoanza huvitumia kwa vikundi vya ndani lakini wakasahau kulipa dirisha kuu lenyewe kipangilio, hivyo yaliyomo hujibana kwenye kona moja huku sehemu iliyobaki ikiwa tupu. Kabla ya kumkabidhi mtu programu, vuta pembe ya dirisha kwa kipanya uone kama jedwali linafuata.

Dhana: Zana za kuchora ni za wanaojifunza tu.

Interface Builder, zana ya kuchora madirisha, ilikuwako kwenye kompyuta za NeXT tangu mwaka 1988, na Visual Basic, yenye zana kama hiyo, ilitoka mwaka 1991. Programu za kazi halisi zimejengwa kwa zana zote mbili. Kwa maoni yangu, fomu yenye visanduku visivyobadilika inafaa kuchorwa, ilhali dirisha ambalo vitu vyake hutegemea data inayopakiwa ni rahisi zaidi kuliandika kwa mkono.

Dhana: Majina ya vitu kwenye mchoro hayana umuhimu.

Jina lililo kwenye mchoro ndilo litakalotumika ndani ya msimbo. Anayeacha majina yanayotolewa na zana yenyewe, kama pushButton_7 na lineEdit_3, atalazimika kurudi kwenye mchoro kila mara ili kujua kipi ni kipi. Vipe majina kabla ya kuandika mantiki, kwa kuwa ukibadilisha jina baadaye, msimbo unaolitaja la zamani utavunjika, na katika Python kosa hilo linaweza kujificha mpaka mstari huo utakapotekelezwa.