Mazembe01 hadi Mazembe12

Jumatatu iliyopita nilifungua barua pepe ya mkurugenzi wa ofisi moja hapa Lubumbashi, ofisi inayotoa mizigo ya wateja forodhani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikasoma agizo lake jipya kwa wafanyakazi wote: kuanzia mwanzo wa mwezi ujao, kila mtu atabadilisha neno lake la siri kila baada ya siku 15. Zamani zilikuwa siku 30. Kazi hii ya usalama wa taarifa nimeifanya kwa miaka ya kutosha kujua kwamba hasira ya asubuhi humaliza siku nzima, lakini safari hii chai ilipoa mbele yangu na sikuigusa.

Ofisi hiyo ilikuwa imeibiwa. Mteja wake alilipa ankara halali kwenye akaunti ya benki isiyo yao, kwa sababu mtu fulani alikuwa amekaa ndani ya sanduku la barua la mhasibu kwa wiki kadhaa, akisoma kila kitu, akingojea ankara nene, kisha akaituma upya ikiwa na nambari nyingine ya akaunti. Niliitwa, nikachunguza, nikaandika ripoti ya kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili nilieleza kwa herufi nzito kwamba mhasibu aliandika neno lake la siri kwa mikono yake mwenyewe kwenye ukurasa uliofanana na ule wa barua pepe ya ofisi, na kwamba mwizi aliingia alasiri ile ile. Neno hilo lilikuwa limebadilishwa siku nne tu kabla, kama kanuni ya siku 30 ilivyotaka. Lilikuwa bichi kama samaki wa asubuhi, na ubichi wake haukumsaidia mtu.

Tena kuna jambo lililonikera zaidi. Mara tu alipoingia, mwizi aliweka kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yake ya nje. Kanuni ya namna hiyo haijali neno la siri. Mhasibu angeweza kulibadilisha kila asubuhi kabla ya sala, na nakala zingeendelea kutiririka kama kawaida.

"Papa, kama siku 30 hazikuzuia, siku 15 zitazuia nini?" nilimwuliza mkurugenzi kwenye simu. Alinijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kutia sahihi kwamba baada ya hasara kama ile ni lazima ofisi ionekane imefanya jambo. Hapo alisema kweli tupu, na ukweli huo ndio ulionikalisha chini niandike.

Watu wengi hudhani kwamba kanuni ya kubadilisha neno la siri ilizaliwa pamoja na kompyuta yenyewe. Iliwahi kuwa hesabu, na hesabu hiyo ina tarehe. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo wa maneno ya siri uliosema, kwa ufupi, hivi: uwezekano wa neno kukisiwa ni muda wa maisha yake, mara kasi ya anayekisia, gawanya kwa idadi ya maneno yote yanayowezekana. Mfano wao ulikuwa wa mtu anayejaribu mara 8.5 kwa dakika kupitia laini ya simu ya polepole, ya baud 300. Kwa mshambuliaji mwenye mwendo wa kinyonga, kufupisha maisha ya neno la siri kulikuwa na maana. Hata hivyo ukomo waliopendekeza ulikuwa mwaka 1. Siku 30 zilikuja baadaye, ofisi moja ikinakili kwa nyingine, na siku 15 zimetoka kwenye kichwa cha mkurugenzi wangu.

Walioeneza desturi hiyo kwa ofisi za dunia walikwisha kuiacha. Bill Burr, aliyeandika mwaka 2003 mapendekezo ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kuhusu maneno ya siri, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017, akiwa amestaafu, kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika anaijutia. Mwaka huohuo NIST iliandika kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha neno la siri kwa kalenda, na katika toleo la mwaka 2025 ikalifanya jambo hilo kuwa katazo kamili: libadilishwe kukiwa na dalili kwamba limevuja. Microsoft iliiondoa kanuni hiyo katika mipangilio inayoipendekeza kwa Windows mwaka 2019. Haya yote niliyaweka katika ukurasa wa tatu wa ripoti, ukurasa ambao sasa nina hakika haukusomwa.

Sasa niingie kwenye kinachonichoma. Mwaka jana ofisi nyingine, kwa idhini ya maandishi, iliniachia hashi za maneno ya siri ya wafanyakazi wake, yaani alama ambazo kompyuta huhifadhi badala ya neno lenyewe, nijaribu kukisia maneno yaliyozizaa. Sikuanza na kamusi ya Kifaransa wala ya Kiingereza. Nilianza na Mazembe, klabu yetu ya soka. Aliyekulia Lubumbashi hahitaji maelezo. Niliongeza miaka 2009, 2010 na 2015, ambayo klabu ilitwaa ubingwa wa Afrika, na kwa heshima ya wazee nikaongeza 1967 na 1968, na wazee hawakuniangusha. Kisha nikaweka majina ya komini, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, kisha Jesus, Dieu na Maman, kisha tarakimu mbili mwishoni, kisha alama ya mshangao. Alama hiyo hukaa mwishoni daima. Mtu akiambiwa atie herufi kubwa, huitia mwanzoni. Akiambiwa atie alama, hutia mshangao mwishoni, kana kwamba neno la siri ni sentensi na yeye amefurahi kuimaliza. Maneno ya kwanza yalianza kuanguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Tarakimu mbili za mwisho ndizo zilizonisimulia habari yote. Mazembe01! ni neno la Januari. Mazembe02! ni la Februari. Seva ya ofisi ile ilikuwa ikihifadhi hashi za maneno ya zamani ili kumzuia mtu asilirudie neno lake, kwa hiyo niliona mlolongo wa mwaka mzima wa mtu mmoja, kutoka 01 hadi 12, bila kuruka hata mwezi mmoja, na nakiri kwamba uaminifu wake ulinigusa. Mtu huyu alitii kanuni kuliko mtu yeyote katika ofisi ile. Anayepata neno lake la Machi anajua la Agosti, na anajua pia la Desemba ambalo mwenyewe hajaliweka bado.

Jambo hili lilipimwa na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Zhang, Monrose na Reiter, waliochapisha matokeo yao mwaka 2010. Walichukua hashi za akaunti za zamani za chuo chao, ambako watu walilazimishwa kubadilisha neno la siri kila baada ya miezi mitatu, wakauliza: nikilijua neno lako la zamani, nitalipata jipya? Kwa asilimia 41 ya maneno walilipata ndani ya sekunde chache walipokuwa na hashi mkononi, na kwa asilimia 17 ya akaunti makisio kama 5 tu yalitosha, yaani idadi ambayo mfumo mwingi wa kawaida huruhusu kabla ya kufunga akaunti. Ninaposema kwamba kanuni ya kalenda hudhoofisha, sizungumzii uvivu wa watu. Nazungumzia akili ya binadamu, ambayo ikiombwa kutunga siri mpya kila mwezi hufanya kile ambacho akili yoyote yenye kazi nyingine hufanya: huhesabu.

Wengine huniambia, basi tutie urefu. Sawa, lakini tuufanyie hesabu. Neno la herufi 8 ndogo lina namna bilioni 208 na kidogo. Hashi zikiibwa, na ikiwa zilitengenezwa kwa njia ya haraka ambayo ofisi nyingi bado wanayo, mashine yenye kadi ya michoro ya vijana wa michezo ya video hujaribu mabilioni kwa sekunde. Tuseme bilioni 10, ambalo ni kadirio la huruma: sekunde 21 na kazi imekwisha. Ndani ya sekunde 21, swali la siku 15 au siku 30 lina uzito gani?

Njia ninayoifundisha ni ya dadu: unarusha dadu mara 5, unapata neno moja katika orodha ya maneno 7,776, unarudia. Maneno manne yanatoa namna zipatazo trilioni 3,656, na watu hushangilia wakisikia hivyo, mpaka niwaambie kwamba mashine ile ile huzimaliza kwa siku 4 na saa chache. Maneno matano huichukua miaka 90. Tofauti ya neno moja! Lakini dadu ndizo zichague, si wewe. Nilipowaambia watu watumie sentensi ndefu, robo saa haikupita kabla sijaletewa "harakaharakahainabaraka", na aliyeileta alikuwa na uso wa mwanafunzi bora. Methali inayojulikana na kila mtu kutoka Lubumbashi hadi Lamu si siri, ni urithi.

Kuhusu daftari nitasema upesi. Neno la siri lililobandikwa kwenye skrini ofisini, mahali wateja wanapopita, ni kosa. Neno lililoandikwa kwenye daftari nyumbani, ndani ya kabati, chini ya vitenge vya mama, halinisumbui, kwa sababu mwizi aliye ng'ambo ya bahari hafungui kabati la Katuba. Programu ya kutunza maneno ya siri ni bora zaidi, kwa anayeiweza.

Wakaguzi nao wana lao. Mmoja aliniwekea alama nyekundu kwa sababu nilikuwa nimeiondoa kalenda, akisema ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, inaitaka. Nilimwomba anionyeshe kifungu. Kiwango hicho hakitaji idadi yoyote ya siku, na mkaguzi alibaki akifungua kurasa mpaka saa ya kula bukari ikafika. Kiwango cha kadi za benki, PCI DSS, ndicho kinachotaja siku 90, nacho pale tu neno la siri linapokuwa kinga ya pekee, tena kikiacha njia nyingine ya kuiepuka kalenda. Kinga ya pekee: hayo ndiyo maneno ambayo watu huyaruka.

Nikiishia hapo nitakuwa mwongo, maana na mimi kalenda iliwahi kunitia aibu. Ofisi ya kwanza niliyoishawishi kuiacha ilikaa salama, au ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipogundua kwamba akaunti ya mtu aliyehamia Kolwezi zamani bado ilikuwa hai, ikitumiwa na watu watatu waliorithishana neno lake kama ufunguo wa choo. Kanuni ya siku 30 ingemsumbua mmoja wao, angelalamika, na tungejua. Kalenda ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna aliyeipa: kuzika akaunti za waliokwisha kuondoka. Tangu hapo, kabla ya kuiondoa, huketi na mtu wa rasilimali watu na orodha ya majina, jina baada ya jina, kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayenilipia kwa moyo mweupe.

Wasiwasi wangu wa pili ni mkubwa zaidi. Badala ya kalenda hupendekeza hatua ya pili ya uthibitisho, na kwa ofisi ile ya forodha SMS ilishindikana siku ya kwanza, kwa kuwa vijana wao hushinda Kasumbalesa wakibadilisha laini ya Kongo kwa ya Zambia, na ujumbe ukawa unafika jioni. Programu ya simu inayotoa tarakimu mpya kila sekunde 30 bila mtandao iliwafaa. Lakini ukurasa bandia uliomnasa mhasibu ungeweza kumwomba na tarakimu hizo, ukazipitisha papo hapo kwenye ukurasa wa kweli, na mwizi angeingia vilevile. Kinachozuia hila hiyo ni ufunguo wa kifaa unaoitambua anwani halisi ya tovuti na kukataa nyingine. Ninazo funguo za namna hiyo mbili. Kuzinunulia ofisi nzima ni bajeti ambayo sijaweza kumwomba mkurugenzi aliyetoka kupoteza ankara, na huenda hapo niliogopa mahali nilipotakiwa kusema. Mafunzo ya kutambua kurasa bandia ninayatoa pia, na huyapenda, ila mhasibu aliyenaswa alikaa kiti cha mbele katika mafunzo yangu na ndiye aliyeuliza maswali mazuri kuliko wote. Sina jibu la hilo, wala simlaumu.

Agizo la siku 15 lilianza kazi jana. Kabla ya saa nne asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja wa idara ya ankara, mwenye adabu zake, akaomba radhi kwa kunisumbua. Alikuwa amepiga hesabu usiku na kuona kwamba kwa utaratibu mpya mwaka utakuwa na mabadiliko 24.

"Sasa, mtaalamu," akaniuliza, "nikimaliza 12, nitaandika mwezi gani?"