Kiingereza Enzi ya Ming: Hilo Si Kosa, Kosa Liko Kwingine

Kila inapotajwa Wulin Waizhuan, tamthilia ya vichekesho ya Kichina kuhusu watu wa nyumba moja ya wageni enzi ya wafalme wa Ming, hakosekani wa kusema: "Ni nzuri, ila walioiandika hawajui historia. Enzi ya Ming mtu anachomekea Kiingereza?" Nimeshalijibu hili mpaka ulimi umeota sugu. Leo naliandika, ili kesho niwe natuma kiungo tu.

Tazama utangulizi wake. Kabla hujaona nyumba ya wageni, unaoneshwa skrini ya kompyuta na kishale cha mausi kikibofya. Hii ni kazi ya mwaka 2006, ilirushwa na CCTV-8, chaneli ya televisheni ya taifa ya China, sehemu 80, mwongozaji Shang Jing, mwandishi Ning Caishen. Mtu anakufungulia mlango kwa mausi, halafu unamshika shati kwamba hajui Ming iliisha mwaka 1644? Alishakuambia mkataba: mavazi ni ya kale, midomo ni ya leo. Matangazo ya unga wa kuimarisha mifupa wa Mlima Baituo yanayochomekwa katikati ya hadithi ni dhihaka kwa televisheni ya China ya wakati ule, na mlima wenyewe umetolewa kwenye riwaya za wapiganaji za Jin Yong.

Kinachoniudhi ni kwamba anayehesabu makosa ya juu haoni ukweli uliolala chini. Mfano Tong Xiangyu, mwenye nyumba ya wageni. Alisafirishwa kwenda kuolewa, mume akafa kabla hawajaishi pamoja, sasa analea wifi yake mdogo na kumpenda mhudumu wake, Bai Zhantang, aliyekuwa mwizi. Watazamaji wanalalamika: mbona wanazungushana hivyo? Amri ya mwaka 1368, mwanzo kabisa wa Ming, ilisema mwanamke aliyefiwa na mume kabla ya miaka 30 akakaa bila kuolewa hadi kupita 50 apewe heshima ya serikali na familia yake isamehewe kazi za lazima. Yaani mjane kubaki mjane ilikuwa sifa na pia faida kwa ukoo. Mzaha wote wa Xiangyu kusogea na kurudi nyuma umesimama juu ya hapo.

Au Xing, mkuu wa askari, anayelia kila saa kwamba jambo fulani "litaathiri njia yake ya uafisa". Wengi wanacheka kwa sababu ya sauti. Kichekesho chenyewe ni kwamba askari wa ofisi ya hakimu wa wilaya hakuwa afisa. Alikuwa mtumishi wa daraja la chini, na njia ya uafisa haikumhusu kabisa. Analinda kitu asichonacho. Mwandishi asiyejua historia hawezi kutunga hilo.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sisi tunaoandika maandishi ya chini ya skrini tunapotokwa jasho.

Lü Xiucai, msomi wa nyumba ile, ana msemo wake: zi cengjing yue guo. Fomula ya kale ya kumnukuu Confucius ni zi yue, basi, "Mwalimu alisema". Yeye anaipachika cengjing mbele na guo nyuma, vyote viwili vya lugha ya kila siku, vyote viwili vya jambo lililopita. Ukiandika "Mwalimu alisema" umetafsiri maneno na kuzika mzaha. Kiswahili cha mtaani kina dawa: "Mwalimu alikuwaga amenenaga." Ile -ga kugandishwa kwenye neno "nena" ni vurugu ileile. Shida ni kwamba mtazamaji wa Tanzania akisikia "Mwalimu" anamwona Nyerere. Mombasa inapita bila tatizo.

Kuna na ile sehemu maarufu ambayo Lü, asiyeweza kukunja hata ngumi, anabaki ana kwa ana na muuaji Ji Wuming. Anamshambulia kwa maswali. Wewe ni nani? Ji Wuming ni jina tu. Ukiliondoa, wewe ni nani? Nani anaua, nani anauawa? Muuaji anavurugwa na "mimi" na "wewe" hadi anajimaliza kwa mkono wake. Kichina kinambeba: wo, yaani mimi, halibadiliki, liwe linatenda au linatendwa, na kitenzi hakibebi nafsi yoyote. Msomi anaweza kusema wo akiwa anajisemea, anamsemea muuaji, au anazungumzia wazo tu la "mimi".

Kiswahili kinabandika nafsi ndani ya kitenzi. "Nakuua" imeshataja nani anamfanya nini nani. Na mtenda akiwa ndiye mtendwa, sarufi inadai -ji-: "najiua". Silabi moja tu, mwisho umevuja. (Jina la muuaji nalo linaanza na Ji. Sijui nicheke au nilie.) Njia pekee ninayoiona ni kuvunja sarufi makusudi: "Mimi kamuua mimi. Sasa mimi yupi kamuua mimi yupi?" Mhariri atakupigia mstari mwekundu. Usimtii. Ukisahihisha hapo, umebaki na mtu anayejiua bila sababu.

Mahali pengine Kiswahili kinazawadia. Xiangyu ana maombolezo yake ya kudumu: nimekosea, nimekosea kweli, nisingekuja kuolewa huku mume wangu asingekufa, mume wangu asingekufa nisingeishia mahali pa huzuni kama hapa. Kichina kinatumia neno la "kama" na kurudia. Sisi tuna -singe-, inagonga kama ngoma. Usiikate mnyororo ule kwa nukta.

Udhaifu upo, tena mwingi. Mapigano ni ya kusukuma hewa na athari za bei poa, hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni mahubiri: hadithi inachekesha dakika arobaini, kisha mtu anasimama na muziki laini kutufundisha urafiki. Akiingia mhusika wa kike Zhu Wushuang, tunapewa pembetatu ya mapenzi kwa Bai, halafu nyingine kwa Lü, na mwendo unazama. Sehemu 80 katika ukumbi mmoja ni nyingi. Mimi ningepunguza 20 bila huruma. Na mizaha ya matangazo imekufa pamoja na matangazo yenyewe.

Kosa la kweli la uhalisia, ambalo mlalamikaji wetu hajawahi kuligusa, ni lafudhi. Xiangyu hasemi wo, anasema e, na "e di shen a" yake, "Mungu wangu wee", ilisambaa China nzima. Anatajwa kuwa wa Hanzhong, kusini mwa Shaanxi, ambako usemi unakaribiana na wa Sichuan. Anachozungumza mwigizaji Yan Ni ni cha Guanzhong, upande wa Xi'an.

Tumpe lafudhi gani sasa? Ukimpa ya kabila la bara, umedhihaki watu. Xi'an ulikuwa mji mkuu wa kale, kwa hiyo usemi wake una hadhi iliyopitwa na wakati, na kwetu kinachofanana na hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilichobeba mashairi kisha usanifu ukakipa kisogo na kuchukua Kiunguja. Kwenye karatasi inapendeza. Mwandikie Xiangyu amwite mtumishi wake, "Ndoo hapa!" Wa Mombasa ataelewa mtu anaitwa. Wa Mwanza atakuwa anatafuta ndoo iko wapi.