Swichi yenye taa kwenye mfano wa reli

Swichi yenye taa ni vifaa viwili ndani ya ganda moja: swichi inayopitisha na kukata umeme wa mzigo (yaani kifaa kinachotumia umeme huo), na taa ndogo inayohitaji chanya na hasi yake. Asiyeelewa hilo ndiye anayepiga shoti.

Tuseme unajenga juu ya meza mfano wa reli ya Mtwara–Nachingwea, ile ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni iliyofungwa 1962. Pale Ruo, njia ya kutoka Mkwaya upande wa Lindi ilipokutana na ya Mtwara, utahitaji pointi ya kugawa njia, taa za stesheni na reli ya pembeni ya kuegesha mabehewa. Kila kimoja kipe swichi yake ya volti 12.

Swichi za aina hii mara nyingi zina miguu mitatu. Mguu wa 1 unapokea chanya kutoka kwenye adapta, kupitia fyuzi ya ampea 1. Wa 2 unakwenda kwenye mzigo. Wa 3, ambao mara nyingi una rangi ya dhahabu, ni wa hasi, na kazi yake ni kuiwasha taa tu: taa imeungwa ndani kati ya wa 2 na wa 3. Hasi ya mzigo irudi moja kwa moja kwenye adapta. Namba na rangi hutofautiana, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kulehemu: miguu inayoifanya mita ilie swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ni wa 1 na wa 2.

Ukibadilisha wa 1 na wa 2, mzigo utafanya kazi vizuri lakini taa itawaka muda wote. Usipounganisha wa 3, mzigo utafanya kazi bila taa. Kosa baya ni kupeleka hasi kwenye mguu wa 2: ukiwasha tu, chanya na hasi zinagusana, na bila fyuzi waya zinaweza kuyeyuka.

Dukani angalia maandishi ya volti. Swichi nyekundu za kwenye ekstensheni zinafanana na hizi kwa sura, ila nyingi zina taa ya neoni ya volti 240. Kwa volti 12 swichi itapitisha umeme, lakini taa haitawaka kamwe. Kama taa ni LED tupu isiyo na rizista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ndani, ongeza yako. LED nyekundu hula takriban volti 2. Kwa miliampea 10, (12 − 2) ÷ 0.010 = omu 1000. Rizista ya robo wati inatosha. Kwa taa za kwenye ubao wa swichi mwanga huo unatosha kabisa.

Usichukue umeme wa taa kwenye reli zenyewe. Kwa kidhibiti cha mwendo cha kawaida cha DC (umeme wa mkondo mnyoofu) volti hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa treni, na ukirudisha treni nyuma chanya na hasi hugeuka: LED inazimika, na inaweza kuungua, maana nyingi hustahimili volti 5 tu za kinyume. Weka adapta ya pekee.

Pointi za koili, yaani zinazosukumwa na sumaku ya umeme, ni habari nyingine. Koili inataka umeme wa kufumba na kufumbua, hivyo itumie kitufe kinachorudi chenyewe; swichi ya kubaki imewashwa itaichoma. Taa iliyofungwa sambamba na koili itamweka tu na kuzima, haitakuonyesha pointi imelala upande gani. Kwa hilo unahitaji swichi ndogo inayosukumwa na fimbo ya pointi yenyewe, nayo ndiyo iwashe taa. Hapo unaona reli ilivyo kweli. Taa ya ndani ya swichi hukuambia tu kwamba umeme umefika mguu wa 2, hata kama waya umekatika chini ya meza.

Kwa hewa ya chumvi ya Mtwara na Lindi, miguu ya shaba huota kutu ya kijani na taa huanza kupepesa. Lehemu badala ya kusokota waya, kisha funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto.