Picha ya Obama kwenye fulana: haki ni ya nani?

Hapa Kisumu, na hata zaidi ukielekea Kogelo kule Siaya, sura ya Barack Obama katika rangi nyekundu, buluu na ya maziwa imechapwa kwenye fulana, vikombe na vibandiko vya magari kwa miaka mingi, kiasi kwamba wachapaji wengi wanaokuja kwangu kuomba ushauri huichukulia kuwa mali ya umma. Mimi ni wakili wa masuala ya hakimiliki, na jibu ninalowapa ni kwamba sivyo ilivyo, kwa sababu nyuma ya mchoro ule ipo picha ya kamera, na nyuma ya picha yupo aliyeipiga.

Mannie Garcia aliipiga picha hiyo Aprili 2006 mjini Washington, katika kikao kilichohusu Darfur, wakati Obama angali seneta. Mwaka 2008 msanii Shepard Fairey aliichukua kutoka mtandaoni akaigeuza kuwa bango la kampeni. Ziweke mbili hizo sambamba uzitazame kwa makini: kichwa kimeinama vilevile, macho yanaelekea juu upande uleule, na mstari unaotenganisha mwanga na kivuli usoni, ambao Fairey aliufanya kuwa mpaka wa rangi, uliwekwa kwanza na taa za ukumbi ule na uamuzi wa Garcia wa kupiga wakati ule na si mwingine. Bendera iliyokuwa nyuma ndiyo iliyoondolewa. Kwa maoni yangu, mchango wa mpigapicha katika bango lile ni mkubwa kuliko unavyotajwa.

Shirika la habari la Associated Press lilidai haki yake, naye Fairey akawahi mahakamani Februari 2009 akitaka itamkwe kwamba matumizi yake yalikuwa halali. Garcia naye akajitokeza kudai kwamba hakuwa mwajiriwa wa shirika hilo, hivyo hakimiliki ni yake. Mvutano wa msanii na shirika uliisha kwa maelewano Januari 2011, na baadaye, mwaka 2012, Fairey alipewa kifungo cha nje cha miaka 2 na faini ya dola 25,000 kwa kuharibu ushahidi na kudanganya kuhusu picha aliyoitumia. Nalisisitiza hili kwa kuwa nasikia mara nyingi ikidaiwa kwamba Fairey alishinda: hakuna jaji aliyewahi kuamua kama bango lile lilikuwa halali.

Aidha, hata kama angeshinda kule, mchapaji wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, asingepata kinga yoyote hapa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haina mlango mpana kama wa Wamarekani wa kutumia kazi ya mtu bila ruhusa yake; inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya sasa, chanzo kikitajwa. Kuuza fulana hakumo. Kwa kuwa Kenya na Marekani zote zimo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, picha ya mwaka 2006 inalindwa hapa kama ya kwetu, na kwa picha muda wetu ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma, yaani hadi mwisho wa 2056. Kuichora upya kwa mkono kwenye ubavu wa matatu hakufuti haki hiyo, kwani kuigeuza kazi ya mtu nako kunahitaji ruhusa yake.

Swali la Garcia, la nani hasa mwenye mali, lina jibu lake kwetu, na wapigapicha wa kampeni hapa magharibi wanapaswa kulijua kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Kifungu cha 31 cha Sheria yetu ya Hakimiliki kinasema kwamba kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake humhamia aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vingine. Mgombea akikuajiri kwa siku moja kumpiga picha ya bango, bila mkataba, picha ni yake. Haki ya jina lako kutajwa unabaki nayo, lakini ya kumuuzia mchapaji huna. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Mwenye sura, kwa upande wake, hana hakimiliki kwa kuwa tu anaonekana pichani. Ulinzi wake unatoka kwingine, katika ibara ya 31 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ndiyo maana anayetaka kuuza bidhaa kwa sura ya mtu huhitaji ruhusa mbili.

Wengine huniuliza kuhusu picha rasmi za serikali wakidhani hizo ni za bure. Kule Marekani, picha iliyopigwa na mtumishi wa serikali kuu akiwa kazini haina hakimiliki ndani ya nchi hiyo. Kwetu ni kinyume: kazi za serikali zina hakimiliki ya miaka 50, ikiwemo picha ya Rais iliyotundikwa katika maduka yetu. Kuitundika ukutani ni sawa. Kuichapa kwenye leso na kuiuza kunahitaji ruhusa ya maandishi.