dBm ni nini, na inakuambia nini Wi-Fi ya nyumbani ikisumbua

Simu inaonyesha Wi-Fi imejaa, lakini video inazunguka tu. Kabla hujaenda dukani kununua kifaa kingine, kuna namba moja inafaa uijue: dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio. Mistari unayoiona juu ya kioo cha simu inatokana na namba hii, ila kila mtengenezaji wa simu anaichora apendavyo. Ndiyo maana simu mbili zilizo juu ya meza moja zinaweza kutofautiana.

Nguvu ya miliwati moja ndiyo 0 dBm. Mawimbi yanayoifikia simu ni dhaifu kuliko hapo, tena kwa mbali sana, kwa hiyo namba huwa hasi. Hapa wengi hupotea: -45 ni nzuri, -80 ni mbaya. Ukikaa karibu na ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, utapata kama -40. Mpaka -65 hivi unapiga simu ya video bila kukwama. Ikifika -80, meseji zitaingia, mengine uvumilie. -90 hamna kitu. Na kila inaposhuka kwa 10, nguvu inayobaki ni moja ya kumi. Kwa hiyo kutoka -60 hadi -80 umebakiwa na sehemu moja kati ya mia.

Nguvu hiyo inaishia wapi? Zaidi kwenye kuta. Chukua zile nyumba kongwe za Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, za kuzuia joto, na mawimbi nayo yanazuiwa humo humo. Katika nyumba moja ya namna hiyo nilipata -47 sebuleni, na -83 kwenye chumba cha uani, ruta ikiwa haijaguswa. Kwenye nyumba za tofali za saruji hali ni afadhali, mradi ruta isiwe imefichwa nyuma ya friji, kioo kikubwa cha kabati au tanki la maji. Chuma huyarudisha mawimbi, maji huyameza. Kama ruta yako ina masafa mawili, ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz; haya ya pili yana kasi, lakini ukuta mmoja mnene tu yanachoka.

Kupima ni rahisi. Kwenye Android pakua programu yoyote ya bure ya kupima Wi-Fi, kisha tembea chumba hadi chumba ukiitazama namba. Wenye iPhone waazime simu ya jirani, maana humo programu za aina hiyo zimebanwa.

Sasa, nyumba nyingi huku Mtwara na Lindi zinatumia ruta ya laini, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Ruta hiyo ina safari mbili: ya kutoka mnarani hadi kwenye ruta, na ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Simu inakuonyesha hii ya pili tu. Ya kwanza utaiona ukifungua ukurasa wa ruta wenyewe (anwani huwa imebandikwa chini yake), panapoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Nayo ni dBm: -85 ni safi, ikipita -110 utateseka. Mtu anaiweka ruta katikati ya nyumba ili vyumba vyote vipate Wi-Fi, kumbe ameiondoa dirishani ilikokuwa inauona mnara. Mimi ningeanza na mnara: izungushe dirisha hadi dirisha mpaka upate RSRP iliyo nzuri zaidi, halafu ndiyo uhangaike na chumba cha uani. Kifaa cha kuongeza Wi-Fi hakiwezi kusambaza intaneti ambayo ruta yenyewe haijaipata.

Ikiwa namba zote mbili ni nzuri na bado mtandao unasuasua, mara nyingi tatizo liko nje ya uwezo wako. Huenda mnara umeelemewa usiku watu wote wakiwa mtandaoni, au bando limefika kikomo cha kasi. Au ni mbali zaidi, kama Mei 2024, nyaya za baharini zinazoleta intaneti, za EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu na nchi nzima ikahangaika. Siku zile hata ungeipandisha ruta juu ya mnazi, namba ingekuwa safi na ukurasa usifunguke.