Raba ya jeki ya gari nyingine haiui waranti ya injini yako

Wiki hii tena. Mteja kapiga simu saa mbili usiku, sauti ya msiba kabisa, nikadhani gari imepinduka, kumbe kafunga raba ya jeki, kile kipande cha mpira chini ya gari pale jeki inaposhika, ya MINI (gari nyingine ya kampuni ya BMW) kwenye BMW yake 3 Series ya miaka miwili, halafu kuna mtu kamwambia "waranti yote imekufa hapo, mpaka injini". Anauliza aichomoe usiku huohuo kabla hajaipeleka sevisi? Hili swali nimelijibu mara nyingi mno na linanikera kwa sababu watu wanakosa usingizi kwa kitu kisichokuwepo, wakati kilichopo kweli hawakiangalii kabisa.

Waranti haifi yote kwa mpigo. Ni ahadi ya kukutengenezea kilichoharibika kwa kosa la kiwandani, basi. Ukifunga kitu ambacho si cha gari lako, kinachokataliwa ni kile ambacho hicho kitu kimekiharibu. Raba ya jeki inagusa bati la chini ya mlango na sketi, ile plastiki ya pembeni, haijawahi kukutana na giaboksi maisha yake yote. Mlioko Marekani hili kwenu ni sheria tangu 1975, inaitwa Magnuson-Moss, kampuni haiwezi kukuwekea sharti kwamba waranti inasimama ukinunua spea ya jina lake tu, labda ikupe bure, na ikitaka kukukatalia tengenezo ionyeshe kwamba hicho ulichofunga ndio kimeleta ubovu. Wa huku kwetu fungua kijitabu cha waranti, nenda ukurasa wa mambo yasiyohusika, usome taratibu mpaka ukute ubovu "uliosababishwa na" nini na nini. Hilo neno uliosababishwa ndio kesi yenyewe. Watu wanaliruka wanasoma "spea" na "waranti" basi moyo unaenda mbio.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unanitoa mapovu zaidi. Kuna wale wa "aah fundi, ni raba tu". Sio raba tu. Kwenye hizi BMW raba inaingia kwenye tundu lililokatwa kwenye sehemu iliyoimarishwa, ina masikio yanayobana pembeni, na kazi yake ni kuchukua uzito kutoka kwenye jeki na kuupeleka kwenye lile bati zito la ndani, sio kwenye plastiki ya sketi na sio kwenye ngozi nyembamba ya nje. Ya modeli nyingine inafanana, rangi nyeusi hiyohiyo, kampuni hiyohiyo, hata muuzaji wa spea pale Gerezani, Dar, anakuapia inaingia, lakini namba ya spea ni tofauti na namba haiwi tofauti kwa urembo. Masikio yakiwa mafupi kidogo tu raba inakaa upande, ukiinua gari inajipinda, inakwangua rangi kwenye ukingo wa tundu. Haivunjiki, hausikii kelele, unashusha gari unaondoka na furaha zako.

Gari ya huyo jamaa niliipiga tochi kesho yake. Nilichomoa raba ya nyuma kulia kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, ikatoka kirahisi mno, ya kwake halisi inakugomea. Ukingo wa tundu rangi ilikuwa imetoka, bati linang'aa kama ukucha wa kidole gumba, na chini yake mstari wa kahawia mwembamba kama uzi. Kutu hiyo. Mvua mbili tatu tu za Dar na chumvi ya barabara ya ufukweni.

Hapo ndipo waranti inapokatika, na hakuna anayekuambia. Gari nyingi mpya zina waranti ya peke yake ya kutoboka kwa kutu, inayodumu miaka mingi kuliko ile ya injini, na kwa kawaida inahusu kutu inayokula bati kutoka ndani kuja nje. Iliyoanzia kwenye mkwaruzo wa nje haihesabiki. Yaani yule aliyekuwa analilia injini, injini yake iko salama salmini, ila ile sehemu ya bati akiipeleka baada ya miaka mitano ina tundu wataangalia alama ya jeki na watamrudishia funguo, na kwa kweli watakuwa na haki.

Kwa Toyota na nyingine zisizo na raba za hivyo, mkunjo wa bati chini ya mlango una vikato viwili, jeki inakaa katikati yake, na jeki ya kwenye buti ina mfereji kichwani unaoendana na kina cha mkunjo huo. Ukiazima jeki ya gari nyingine mfereji ukawa mfupi, mkunjo unalala. Hilo halina hadithi ndefu, tumia jeki iliyokuja na gari. Za umeme zenye betri chini ya sakafu usibahatishe kabisa, hapo kukosea kidogo kunaweza kugusa kitu cha bei ya gari zima. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Niseme na hili. Kuangalia kwa macho hakutoshi, hata kwangu mimi. Nimewahi kuweka raba ya duara ya kununua tu, nikaiona imekaa vizuri, nikainua, sketi ikalia ta! ikapasuka, nikailipa mwenyewe. Tangu hapo naipaka chaki juu, nainua kidogo mpaka raba ibanwe, nashusha, naangalia chaki imehamia wapi. Ikihamia kwenye plastiki siinui. Na mteja akiniuliza amwambie wakala au anyamaze, moyo wangu unapingana, maana kuna wapokeaji wa gari wakisikia "spea ya modeli nyingine" wanaandika kwenye fomu kitu kikubwa kuliko kilichotokea. Bado nawaambia waseme ukweli, ila wawe na picha zenye tarehe.

Ya jamaa tumekwangua kutu mpaka bati safi, tukapaka praima ya zinki, rangi, na nta ndani ya tundu. Raba nne kaagiza kwa namba ya chesisi. Wiki iliyofuata kaipeleka kwa wakala pampu ya maji ilikuwa inavuja, wakabadilisha kwa waranti, hakuna aliyeinama kuuliza habari za raba.